Kasha la Kufuli Nne

Ulutheri ulianza kwa mtu mmoja kuhoji mchango wa ujenzi. Tunapenda kuisimulia habari hiyo kwa maneno makubwa zaidi, ya neema na imani na Neno, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini kilichomkera Martin Luther tarehe 31 Oktoba 1517, hata akaandika hoja 95, ni vyeti vya msamaha vilivyokuwa vikiuzwa Ujerumani, na sehemu ya fedha yake ilikwenda Roma kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro. Mojawapo ya hoja hizo inauliza waziwazi kwa nini ujenzi huo ubebwe na maskini ilhali mwenye kujenga ni tajiri.

Huwa nalikumbuka hilo matangazo ya Jumapili yanapoingia dakika ya ishirini. Anayesali KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, anaijua orodha: ahadi, bahasha ya jengo, nyumba ya mwinjilisti, gari la mchungaji, asilimia ya dayosisi, harambee ya jimbo. Kisha ibada huhamia nje kwa mnada. Katika usharika mmoja wa mlimani, Kilimanjaro, nilikuta vitu vimepangwa kwenye ngazi za kanisa: mkungu wa ndizi, miwa, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na mayai sita ndani ya bakuli la plastiki lililofunikwa kipande cha kanga. Mzee wa kanisa alimnadi jogoo yule mara tatu, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena, watu wakicheka na jogoo akizidi kuchoka. Mayai yalifika shilingi elfu nne. Siku hiyo mnada ulikuwa wa kukamilisha bweni la shule ya sekondari ya kanisa.

Aliyeleta mayai alikuwa bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe cha umoja wa wanawake. Baada ya shikamoo na habari za mvua, nilimwuliza kama ana mjukuu anayesoma pale. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anamiliki ndege.

"Pale? Pale ni kwa watoto wa mjini, mwanangu."

Hakusema kwa uchungu, alikuwa ananielekeza tu, kama unavyomwelekeza mgeni njia. Na bakuli lake alilichukua, akasema Jumapili ijayo kuku akijaliwa ataleta tena.

Basi swali linaloulizwa sana, kama taasisi za Kilutheri zimesahau zilikotoka, naona tulijibu kuanzia kwenye bakuli hilo. Wengi huanzia kwingine: kwenye gari la askofu, kwenye suti, kwenye hoteli na kumbi za mikutano. Huko ni rahisi kunyoosha kidole, na pengine kinastahili kunyooshwa, ila hakutuelezi mengi. Kanisa lenye askofu anayepanda daladala linaweza kuwa limepotea vilevile.

Tunahitaji kipimo, na kipimo kipo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo wachungaji wa Kilutheri huahidi kulifuata wanapobarikiwa, linasema katika kifungu chake cha 7 kwamba kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Baada ya hapo, taratibu nyingine zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Hakuna dayosisi humo, wala katibu mkuu, chuo kikuu au benki. Wapo wanaosoma kifungu hicho na kusema kwamba yote hayo ni takataka. Sivyo. Kifungu kinasema ni ya hiari, na hiari ina pande mbili: una uhuru wa kujenga, na una uhuru wa kubomoa. Uhuru wa kwanza Walutheri wameushika kwa mikono miwili. Ule wa pili ni nadra kuusikia ukitajwa katika mkutano mkuu wowote.

Luther mwenyewe hakuwa mtu wa kuchukia ofisi. Ukaguzi wa sharika za Saxony uliofanywa mwaka 1527 na 1528 ulipoonyesha kwamba wakulima wengi, na hata baadhi ya mapadri, hawajui Sala ya Bwana, aliandika Katekisimu Ndogo, ikatoka mwaka 1529, na wasimamizi wakawekwa kila eneo. Kwa hiyo yule anayeota enzi ya kwanza isiyo na muundo anaota enzi ambayo haikuwapo. Muundo ulikuja kwa sababu watu walikuwa wamekosa kitu.

Tena kabla ya katekisimu kulikuwa na kasha. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, ulikubaliana kwamba mali yote ya kanisa iingie katika kasha moja, na Luther akauandikia utaratibu huo dibaji. Kasha likae kanisani, liwe na kufuli nne tofauti, na funguo zake ziwe kwa makundi manne: masharifu, halmashauri ya mji, wenyeji wa mjini, na wakulima wa vijijini. Wasimamizi wawe kumi, na watatu kati yao wawe wakulima. Wakutane kila Jumapili, na mara tatu kwa mwaka wasome hesabu mbele ya wote. Fedha imlipe mchungaji, ilipe mwalimu, itunze jengo, na iwalishe yatima, wazee, wagonjwa na wageni waliokwama. Mkulima asipoleta ufunguo wake, kasha halifunguki.

Mpango huo ulikwama mapema, kwa sababu halmashauri ya mji ilikataa kuachia mali iliyokuwa inaishikilia. Nautaja ukwamaji huo makusudi. Ugomvi wa nani ashike mali ya kanisa una umri sawa na Ulutheri wenyewe. Haukuletwa Afrika na mapato ya hoteli. Kinachonivutia pale Leisnig ni yale waliyoyaweka pamoja: jengo na njaa vilitoka katika kasha moja, na mwenye njaa alikuwa na ufunguo.

Huku kwetu mambo yalianza kwa vipande. Wamisionari wa Berlin waliingia Dar es Salaam mwaka 1887. Wengine wakafika Usambara na nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wa Leipzig wakapanda Kilimanjaro mwaka 1893. Kila shirika lilikuwa na eneo lake, lugha yake, na wafadhili wake kule Ujerumani. Mtindo ulikuwa uleule: nyumba ya misheni, shule, zahanati, kisha kanisa la mawe. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja kiasi kwamba huwezi kusema ipi ilikuwa kazi na ipi ilikuwa chambo.

Kati ya taasisi zote za siku zile, moja ndiyo iliyonifanya nibadili namna ninavyoliuliza swali hili. Lutindi, juu ya milima ya Usambara upande wa Korogwe, ilifunguliwa mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baada ya miaka michache biashara ile ilikuwa imekatika, na watoto wa namna hiyo wakawa hawaletwi tena. Kwa hesabu ya makaratasi, Lutindi ilikuwa imemaliza kazi. Kuanzia mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao wakati ule walikuwa wakiishia kwenye kamba za nyumbani au kwenye gereza la serikali. Imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili hadi leo, chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Je, Lutindi ilipoteza lengo lake? Ukisoma hati ya mwanzo, ndiyo, kabisa. Ila ukimtazama aliyekuwa analala pale, kabla na baada, ni yuleyule: mtu asiye na wa kumsemea. Toka siku niliyoielewa historia hiyo nimeacha kuuliza taasisi inafanya kazi gani, nauliza inamlaza nani. Chuo cha Makumira kilihamia hapo kutoka Lwandai mwaka 1954 kikiwa cha kufundisha wachungaji. Leo kinatoa pia wanasheria, walimu na wanamuziki. Kwangu hilo si kosa. Kosa lingekuwa pale ambapo mwinjilisti wa Iramba mwenye kidato cha nne cha mashaka angefika getini na kuona kwamba chuo kizima, hata idara iliyowekwa kwa ajili yake, sasa kimejengwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kuna jambo jingine historia yetu inalijua na vikao vyetu vinalisahau: kanisa hili limeshavuliwa taasisi zake, tena mara mbili. Mara ya kwanza ni Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokamatwa na baadaye kuondolewa nchini. Vituo vikabaki bila wenyewe, bila dawa, bila senti kutoka Ulaya. Bukoba, ambako misheni ya Bethel ilikuwa imeanza mwaka 1910 tu, kazi ilishikwa na walimu wenyeji kama Andrea Kajerero, ambaye wakati huo hakuwa hata mchungaji. Kilimanjaro vivyo hivyo: walimu wa vijijini walikusanya watu, wakafundisha, wakazika. Kwa kipimo cha Augsburg walikuwa na upungufu wa sakramenti, kwa kuwa hapakuwa na aliyebarikiwa, lakini kanisa lilikuwapo na liliongezeka. Mara ya pili ni baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilipotaifisha shule za makanisa. Kazi ya vizazi vitatu iliondoka kwa sheria moja. Walutheri hawakuisha. KKKT, iliyozaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganika makanisa saba, leo ina dayosisi zaidi ya 25 na waumini zaidi ya milioni 6.

Sitaki kulitumia hilo kama fimbo. Watu waliongezeka nchini kwa jumla, na uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, uliwasha moto ambao hakuna halmashauri iliyoupangia bajeti. Walokole, watu wa uamsho huo, hawakuwa na ofisi wala mweka hazina. Walikutana chini ya mti, mtu akasimama na kutaja alichoiba, kesho yake akakirudisha. Askofu Josiah Kibira alitoka katika moto huo. Lakini moto huohuo ulijua kuwahukumu wasiolia hadharani, na ukapasua sharika. Anayedhani kuondoa muundo ni kuponya ugonjwa aende akawaulize wazee wa Kagera.

Na muundo unaweza kubeba lengo vizuri kuliko mtu mmoja mwenye moto. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani, lenye makao yake Geneva na makabati yote ya karatasi unayoweza kuyafikiria, lilifanya mkutano mkuu wake Dar es Salaam. Hapo Kibira alichaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza, na hapo ndipo mkutano ulipotamka kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si maoni ya kisiasa bali ni suala la imani yenyewe. Miaka saba baadaye, Budapest, makanisa mawili ya wazungu kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Usharika mmoja wa kijijini usingeweza kufanya hivyo. Shirikisho hilohilo ndilo lililoanzisha huduma ya wakimbizi ya TCRS hapa nchini mwaka 1964, na kwa miongo mingi ilikuwa ikiwapokea watu wa Rwanda, Burundi na Msumbiji walipovuka mpaka na mizigo kichwani.

Sasa tuje hospitalini, maana huko ndiko swali linakouma zaidi. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi mwaka 1971, taasisi iliyoibeba ilikuwa na jina la Msamaria Mwema. Jina hilo lina mtego ndani yake. Katika mfano ule, anayemlipa mwenye nyumba ya wageni ni Msamaria. Majeruhi hatoi kitu. Msamaria anatoa dinari mbili na kuahidi kwamba ikizidi atalipa akirudi. Leo, katika hospitali nyingi za makanisa, si za Kilutheri pekee, majeruhi huanzia kwenye dirisha la malipo, na ndugu zake wakishindwa, daftari la mjomba fulani wa mjini hufunguliwa kwa simu.

Ni rahisi kusema: wamegeuka wafanyabiashara. Lakini tuwe wakweli. Zamani haikuwa bure. Haydom, kule Mbulu, ilipofunguliwa na Wanorwei mwaka 1955, mgonjwa alilipa kidogo kwa sababu mama fulani wa Norwei, ambaye hatutamjua kamwe, alikuwa anafuma soksi na kuziuza kwa ajili ya misheni. Huruma ya zamani ilikuwa na mlipaji, ila alikuwa mbali, hatukumwona, tukadhani dawa zinaota. Mlipaji yule amezeeka, kanisa lake limepungua, na wajukuu wake wana mambo mengine. Serikali imeziba sehemu ya pengo: imezifanya baadhi ya hospitali za kanisa kuwa hospitali teule za wilaya, na mwaka 1992 ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu huduma za jamii. Ruzuku na watumishi huja, huchelewa, hupungua. Pengo linalobaki analiziba mgonjwa.

Hapa ndipo ninapofikia hoja yangu. Msamaria wa Norwei akiondoka, wa kushika nafasi yake ni nani kama si msharika wa hapa? Naye anatoa! Bibi wa mayai anatoa. Tatizo ni sadaka yake inakwenda wapi. Inakwenda kwenye tofali. Inakwenda kwenye bati la rangi, kwenye mnara, kwenye bweni, kwenye ukumbi wa jimbo. Jengo linachangiwa na wote kwa mnada na bahasha. Huruma imeachwa ijilipie yenyewe dirishani. Leisnig waliviweka hivyo viwili katika kasha moja. Sisi tumevitenga, na katika kutenga huko ndiko naona taasisi zetu zilikopotea, kuliko katika gari lolote la askofu.

Sababu zipo na hazina uovu. Jengo linaonekana, lina siku ya kuweka jiwe la msingi na siku ya kuzinduliwa, lina mgeni rasmi. Deni la mgonjwa aliyelipiwa halina utepe wa kukata. Mchungaji anayehamishwa baada ya miaka mitano anakumbukwa kwa paa alilopaua. Na taasisi ikishasimama inakuwa na mishahara, na mishahara ina watoto wanaokwenda shule. Kuanzia hapo kila uamuzi unaanza na swali la jinsi taasisi itakavyokula, na swali la inamlaza nani husubiri "mengineyo", saa kumi na moja jioni, wajumbe wakiwa wameshavaa makoti. Benki ya Maendeleo, iliyoanza mwaka 2013 kwa msukumo wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani na mwaka huohuo ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, inafuata sheria za benki kama benki zote. Haiwezi kumsamehe mdaiwa kwa sababu amenukuu Sala ya Bwana. Silaumu, nasema tu kwamba kila chombo kina sheria zake, na zile sheria zina nguvu kuliko nia njema ya waliokizaa.

Shule ndizo mfano mkali zaidi. Baada ya utaifishaji, makanisa yaliporuhusiwa tena kupanua elimu, yalijenga kwa kasi, na yalijenga vizuri. Nidhamu nzuri, matokeo mazuri, mchepuo wa Kiingereza, basi la njano. Ada nayo ikawa ya watu wenye mabasi ya njano. Misheni ya kwanza ilimfuata mtoto wa mkulima hadi migombani, wakati mwingine ikimbembeleza baba yake amwachie walau asubuhi. Leo mtoto wa mkulima huyohuyo anapita nje ya uzio akienda shule ya kata, na bibi yake anamwonyesha bweni: lile pale lina mayai yangu.

Lengo la taasisi huonekana pia kwa mahali inapotaka kuhamia. Haydom ilikwenda kusikokuwa na mtu wa kwenda. Linganisha na mgogoro wa Dayosisi ya Konde, uliofikia kilele mwaka 2022. Kiini chake kilikuwa makao makuu: yabaki Tukuyu yalikokuwa au yaende Jiji la Mbeya. Askofu aliondolewa, mwingine akachaguliwa, waumini wakagawanyika, na polisi wakaingia katika jambo ambalo lingepaswa kwisha kwa maombi na kura. Kila upande ulikuwa na hoja za kiutawala, na nyingine zilikuwa na mashiko. Lakini hakuna aliyebishania mgonjwa au mkulima. Walibishania ofisi ikae wapi. Kabla yao, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Meru ilichafuka kwa sababu ya kutaka dayosisi yake yenyewe nje ya Dayosisi ya Kaskazini. Mali iliharibiwa, familia zikagawanyika, na kundi moja likatoka na kuunda kanisa lingine.

Ndani ya migogoro hiyo kuna kinaya ambacho wanahistoria wetu wangepaswa kukitafuna zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Kilimanjaro kati ya mwaka 1902 na 1938, kwa vipindi vilivyokatizwa, aliogopa hasa kwamba kanisa lenye sura ya shirika la Ulaya litamtoa mtu katika ukoo, ujirani na rika lake. Alitaka Injili iote ndani ya vifungo hivyo. Alikuwa sahihi kwa mengi, na jumuiya za nyumba kwa nyumba za leo, ambako watu bado wanajua nani kalala njaa, zinamwia shahidi. Lakini kanisa lililopandwa kwa eneo na ukoo huvunwa kwa eneo na ukoo, na dayosisi ikishakuwa jina jingine la kabila, kura ya askofu huwa vita ya jamaa. Kibira aliliona mapema. Kitabu chake cha mwaka 1974, Church, Clan and the World, kinalishika swali hilo kutoka upande wa Wahaya.

Kuhusu sauti mbele ya serikali, nitasema kwa kifupi, maana kisa kinajieleza. Kuelekea Pasaka ya mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka uitwao Taifa Letu, Amani Yetu, uliogusa uhuru wa watu, hofu iliyokuwa imetanda na haja ya katiba mpya. Baadhi ya dayosisi hazikuusoma. Miezi michache baadaye barua kutoka ofisi inayosajili jumuiya ikataka waraka ufutwe, kisha waziri mwenyewe akaikana barua hiyo. Nilichojifunza hapo ni jinsi kila hospitali yenye ruzuku na kila shule yenye kibali inavyokuwa mkono mmoja wa kanisa ulio ndani ya mlango wa mtu mwingine. Wenye vingi vya kufungiwa hufikiri mara mbili kabla ya kusema. Heshima kwa waliosema.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote kwangu haukutoka kwa askofu. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alikaa kijijini Samunge, Loliondo, akachemsha mizizi ya mti aliosema ameonyeshwa na Mungu, akawa anagawa kikombe kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita kwa kilomita. Mawaziri walikunywa. Wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini, wengine wakafia njiani. Uongozi wa dayosisi yake ulimuunga mkono hadharani. Mimi siamini kwamba kikombe kile kilitibu ukimwi au kisukari, na walioacha dawa kwa ajili yake walipata hasara isiyorudi. Hata hivyo, itazame ile bei. Kanisa lenye hospitali kubwa nchi nzima lilishuhudia umati ukizipita hospitali hizo kwenda kwa babu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, ambaye bei yake ilikuwa moja kwa waziri na mchunga mbuzi, na ambaye hakumwuliza mtu kadi ya bima. Watu walifuata uponyaji, ndiyo. Naamini walifuata pia mahali ambapo hakuna dirisha.

Nina kisa changu pia. Mjomba wangu alipofariki, baada ya kuugua miaka mitatu, daftari la usharika lilionyesha hajatoa ahadi kwa miaka hiyohiyo mitatu. Hakuna aliyesema hatazikwa. Ilisemwa tu kwamba "tuliweke sawa" kabla ya ibada. Tukaliweka sawa usiku ule, kwa michango ya waliokuja matangani, na kesho yake kengele ikagongwa. Mwinjilisti aliyepokea fedha alikuwa haangalii macho yetu. Mshahara wake, nilikuja kujua, ulikuwa umecheleweshwa miezi miwili kwa sababu ya jengo.

Mwaka jana nilirudi usharika ule wa mlimani, siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Mweka hazina alisoma hesabu kwa sauti ya kuimba: mapato ya bahasha, mnada, harambee, matumizi ya saruji, nondo, posho ya fundi, asilimia ya dayosisi. Diakonia ilikuwa mstari mmoja karibu na mwisho, mdogo kuliko wa mafuta ya jenereta. Mwenyekiti aliuliza kama kuna swali. Kimya. Kisha bibi yule wa mayai akainuka, akajishika kwenye mgongo wa benchi la mbele.

"Mimi naomba kujua. Bweni limekwisha?"

"Limekwisha, bibi. Tunamshukuru Mungu."

"Basi haya mayai ya sasa," akasema, "naomba yamlipie mtoto mmoja alale humo."

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Mwenyekiti alimwambia katibu aandike kwamba hoja imepokelewa. Katibu akaandika. Mwaka huu bado sijapanda kwenda kuangalia.